Somo la Kiingereza: Maneno ya Mwenye Kujifunza Umri Wake Wote



Mzee mmoja katika wahudhuriaji wa darsa letu, mtu aliyepita miaka sabini, alituletea barua ya Kiingereza aliyokuwa ameiweka sandukuni kwa muda wa miezi miwili. Barua hiyo yatoka katika afisi moja, nayo yahusu kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake. Ilipomfikia alimwita mjukuu wake, kijana aliyemaliza skuli ya sekondari na kupasi Kiingereza kwa alama nzuri, akamwambia amsomee. Kijana akaisoma yote bila ya kukwama, kisha akasema: "Babu, hii ni khabari tu. Wakwambia kiwanja chaandikwa upya." Mzee akamshukuru, akaikunja barua, akaiweka.

Sisi tulipoitazama tuliona katikati yake neno dogo, "unless", na baada yake maneno "an objection is lodged within thirty days". Maana yake ni kuwa kiwanja kitaandikwa kwa jina la mtu mwingine isipokuwa mwenye kupinga apeleke pingamizi lake kwa maandishi katika muda wa siku 30. Siku hizo zilikuwa zimeshapita. Mpaka hivi tuandikavyo mzee huyo ahangaika na mawakili kwa jambo ambalo lingemalizwa kwa karatasi moja.

Tukamwita yule kijana tukamwuliza. Hakuficha. Akasema: "Sheikh, hilo 'unless' nilifundishwa nikalisahau. Na hiyo 'lodge' mimi naijua ni nyumba ya kulala wageni." Tukamwuliza kamusi yake iko wapi. Akajibu kuwa alimpa mdogo wake siku ile ile aliyotoka katika mtihani wa mwisho, kwani, kwa maneno yake mwenyewe, "nimeshamaliza kusoma".

Neno hilo, "nimeshamaliza kusoma", ndilo lililotufanya tuandike somo hili. Hatumlaumu kijana peke yake. Sisi wazee ndio tuliomfundisha kulisema, kwa kuwa kila siku twamwuliza "utamaliza lini?" wala hatumwulizi "umejifunza nini?" Basi tumeona tuwakusanyie vijana wetu walio katika skuli za sekondari maneno ya Kiingereza yahusuyo kujifunza umri mzima, ili wapate faida mbili kwa mara moja: wayajue maneno, na waijue ile fikra iliyomo ndani yake.

Kabla ya kuingia katika somo

Wako watakaosema: sheikh na Kiingereza wapi na wapi? Twawajibu kuwa Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili barua zao zisomwe na zijibiwe na mtu wa kuaminika, naye akayajua kwa muda wa kiasi cha nusu mwezi. Sababu ya amri ile ni barua, kama ilivyo barua ya mzee wetu. Na hapa kwetu Mombasa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wasiikimbie elimu ya kisasa huku wakiishika dini yao. Jambo hili basi si geni.

Wako pia wapendao kusema katika mawaidha, "Tafuteni elimu tangu mbelekoni hata kaburini," wakidai kuwa hiyo ni Hadithi. Maneno hayo maana yake ni nzuri, lakini si Hadithi ya Mtume. Wajuzi wa Hadithi hawakuyapatia sanadi. Kadhalika yale ya kutafuta elimu hata China, Ibnul Jauzi ameyatia katika kitabu chake cha Hadithi za kuzuliwa. Wala hatuhitaji kuegemea yasiyothibiti, hali ya kuwa yaliyothibiti yatutosha. Imamu Bukhari amekumbusha kuwa Masahaba wa Mtume walijifunza hali ya kuwa ni watu wazima. Wako kati yao waliosilimu wakiwa watu wazima, na ndipo walipoanza kusoma. Nani basi leo aone haya?

Na sisi tuandikao haya tulisomea chuoni na misikitini, si skuli. Kiingereza tulikianza tukiwa na watoto wanne, na kitabu chetu cha kwanza tuliazima kwa binti yetu wa darasa la tatu. Twayajua makosa tutakayoyataja kwa kuwa yote tumeyafanya.

La kwanza: "lifelong" si "long life"

Neno la msingi ni "lifelong", nalo ni sifa ya kitu kinachodumu muda wote wa uhai wa mtu. "Lifelong learning" ni kujifunza umri mzima. Vijana wengi hulichanganya na "long life", yaani maisha marefu. Mtu aliyekufa akiwa na miaka 25 huku akisoma mpaka siku yake ya mwisho, huyo alikuwa "a lifelong learner", ingawa hakupata "a long life". Na yuko aliyeishi miaka 90, akafunga kitabu alipokuwa na miaka 18: huyo amepata "a long life", lakini "lifelong learner" hakuwa. Liko na neno la tatu, "lifetime", nalo ni jina la muda wenyewe wa uhai. Husemwa: "He learned four languages in his lifetime."

Neno "lifelong learning" limepata nguvu zaidi katika miaka ya baadaye. Mwaka 1972 shirika la UNESCO lilitoa ripoti iliyosimamiwa na Mfaransa Edgar Faure, iliyosema kuwa elimu isiishie skuli. Mwaka 1996 ikatoka ripoti nyingine chini ya Jacques Delors, nayo ikaigawa elimu katika nguzo nne: "learning to know", kujifunza ili kujua, "learning to do", kujifunza ili kutenda, "learning to live together", kujifunza kukaa na wenzako, na "learning to be", kujifunza kuwa mtu. Mwanafunzi azihifadhi nguzo hizi nne kwa Kiingereza chake, kwani zitamfaa katika insha na zitamfaa katika maisha.

La pili: neno letu "kusoma" na maneno yao manne

Hapa ndipo penye makosa mengi. Sisi tuna neno "kusoma", nalo labeba mzigo mkubwa: twasoma barua, twasoma skuli, twasoma kwa ajili ya mtihani. Mngereza ameugawa mzigo huo.

"Read" ni kupitisha macho juu ya maandishi na kuyafahamu. "Study" ni kukaa na jambo kwa bidii na kulichungua; asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kuwa na shauku na hima, na "student" limetoka huko huko. "Learn" ni kule kukupata kile ulichokitafuta, kikawa chako. Na "teach" ni kumfunza mwingine. Kwa hivyo asiseme kijana "My brother is reading in Form Three". Aseme "My brother is studying in Form Three", au "is in Form Three". Wala asiseme "He learned me English", bali "He taught me English, and I learned it from him".

Tazama jumla hii: "You may study all night and learn nothing." Maana yake, waweza kukesha na kitabu usipate kitu. Yule mjukuu wa mzee ali-"read" ile barua, hakui-"study", na kwa hivyo haku-"learn" kilichokuwamo. Maneno matatu haya yalikuwa na thamani ya kiwanja.

Na liko fungu la maneno "learn by heart", yaani kuhifadhi. Mngereza amesema "kwa moyo", nasi twasema "kuhifadhi moyoni". Lugha mbili zilizo mbali zimekutana hapa, na mwanafunzi wa chuoni ataliona neno hili kuwa ni la nyumbani kwao.

La tatu: majina ya kile kinachopatikana

"Knowledge" ni elimu au maarifa. Herufi ya "k" huandikwa wala haitamkwi. Neno hili halina wingi. Kwa kuwa sisi twasema "maarifa" kwa umbo la wingi, vijana huandika "knowledges", na hilo ni kosa. Kadhalika "information", khabari, na "advice", nasaha, hayana wingi. Husemwa "a piece of advice".

"Skill" ni ujuzi wa kutenda, kama kushona, kuunda jahazi, au kufunga hesabu. Hili lina wingi, "skills". Limetoka katika lugha ya kale ya watu wa kaskazini ya Ulaya, na maana yake ya asili ni kupambanua, yaani kuweza kutenga hiki na kile. Fundi ni mtu apambanuaye.

"Experience" ni yale yaliyompitia mtu yakamfunza. Likiwa na maana ya ujuzi wa miaka halina wingi: "She has thirty years' experience." Likiwa na maana ya mambo mbalimbali yaliyomtokea mtu, lina wingi: "He told us his experiences at sea." Kisha liko "wisdom", hekima, nalo ni kujua mahali pa kuyatumia hayo yote.

La nne: maneno madogo yaliyoungana

Kiingereza kina tabia ya kuunga kitendo na kijineno kidogo, kisha maana ikageuka. Kila neno peke yake kijana alijua, lakini yakikutana hayafahamu. Haya manane yahusu somo letu.

"Take up" ni kuanza kujifunza au kufanya jambo jipya: "My grandfather took up English at seventy." "Pick up" ni kujifunza bila ya mwalimu, kwa kusikia tu, kama vijana wetu wa Pwani waokotavyo Kitaliani kwa watalii: "He picked up Italian on the beach." "Look up" ni kulitafuta neno katika kamusi: "Look up the word before you answer." Neno hili moja, lau yule kijana angelitenda, lingetosha. "Brush up on" ni kuyafufua yale uliyoyajua yakaingia vumbi, na hakika "brush" ni burashi: wayapiga burashi. "Keep up with" ni kwenda sambamba na mambo yasikuache. "Fall behind" ni kubaki nyuma, na "catch up" ni kuwafikia waliotangulia. La mwisho ni "drop out", kuiacha skuli kabla ya kumaliza.

Juu ya hili la mwisho twataka kusema neno. Mtu aliyeacha skuli huitwa "a dropout", na watu hulibandika jina hilo kama muhuri usiofutika. Hilo si haki. Kuacha skuli ni jambo lililotukia siku moja, mara nyingi kwa sababu ya karo au msiba. Wala si sifa ya mtu mpaka afe. Aliye-"drop out" aweza ku-"catch up", na mifano iko.

La tano: watu wawili wa kukumbukwa

Mmoja ni James Murray, mtoto wa mshonaji nguo huko Scotland, aliyezaliwa mwaka 1837. Aliacha skuli akiwa na miaka 14 kwa kuwa wazazi wake hawakuwa na uwezo. Akaendelea kujifunza mwenyewe, lugha baada ya lugha, na mtu wa namna hiyo Kiingereza chamwita "self-taught". Mwaka 1879 akakabidhiwa kazi ya kusimamia kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford. Aliifanya mpaka alipokufa mwaka 1915, na kamusi ikamalizwa na wenziwe mwaka 1928. Basi kamusi ile iogopwayo na kila mwanafunzi ilisimamiwa na mtu ambaye kwa lugha ya leo angaliitwa "dropout".

Wa pili ni wa nchi yetu. Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza mjini Eldoret mwezi wa Januari mwaka 2004, akiwa na miaka 84, baada ya serikali kuondoa karo za skuli za msingi mwaka 2003. Alikaa dawati moja na watoto wa umri wa vitukuu. Alisema ataka ajisomee mwenyewe kitabu cha dini yake, na ajue hesabu ya fedha zake. Mwaka 2005 alipelekwa New York kuzungumza juu ya elimu, na alikufa mwaka 2009. Mtu aanzaye kuchelewa huitwa "a late starter", na mtu mzima arudiye masomoni huitwa "a mature student". Hakuna aibu katika majina hayo mawili.

La sita: asili ya maneno, na haki yetu ndani yake

Kijana adhaniaye kuwa Kiingereza ni mali ya watu wengine peke yao, na atazame. "Algebra" ni "al-jabr" ya Kiarabu, na "algorithm" latokana na jina la Al-Khwarizmi. "Zero" ni ile ile "sifuri" yetu iliyozunguka njia nyingine. "Magazine" latoka katika "makhazin", yaani maghala. Na neno "kamusi" tunalolitumia asili yake "qamus" ni bahari kuu; lilipata maana ya kitabu cha maneno kwa sababu ya kitabu cha Al-Fairuzabadi, aliyefariki mwaka 1415, alichokiita Al-Qamus al-Muhit. Wahenga wetu walipofananisha elimu na bahari, basi kamusi ni hiyo bahari yenyewe.

Hata "school" asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya wasaa, yaani wakati wa kupumzika na kazi za mikono ili mtu apate kufikiri. Sisi tulilichukua kwa Waingereza tukasema "skuli", na wenzetu wa Tanganyika wakalichukua kwa Wajerumani wakasema "shule". Na sherehe ya kumaliza chuo, ambayo wengi huiita "graduation", Wamarekani huiita pia "commencement", na maana ya "commencement" ni mwanzo. "Graduation" nalo latokana na neno la Kilatini la daraja, yaani kipandio cha ngazi. Hapana hata moja kati ya mawili hayo lenye maana ya "nimeshamaliza kusoma".

Namna ya kuyashika

Kusoma neno mara moja hakufai. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu yake mwenyewe, akatoa kitabu mwaka 1885, akaonyesha kuwa mtu husahau sehemu kubwa ya alichohifadhi katika masaa na siku za mwanzo, na kuwa kurudia kwa vipindi ndiko kunakotia mizizi. Jambo hili maalimu wetu wa vyuoni walilitenda zamani: mtoto hapewi ubao mpya ila asome na wa jana na wa juzi. Basi fanyeni hivyo hivyo kwa Kiingereza.

Kijana awe na daftari ndogo. Kila siku aandike maneno matano, na kila neno alitungie jumla yake mwenyewe, si ya kitabuni. Kesho ayarudie, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Maneno matano kwa siku 300 ni maneno 1,500 kwa mwaka. Kamusi siku hizi imo ndani ya simu, na simu imo mkononi mchana na usiku; aliyekosa udhuru zamani kwa kukosa kitabu, leo hana.

Na wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto akisoma barua ya nyumbani, asiulizwe "yasemaje?" tu, aulizwe "neno gani humo hukulijua?" Akisema hakuna, naachie barua hiyo isomwe na mtu wa pili. Kusema "sijui" si aibu. Kwa Kiingereza ni "I don't know, let me look it up."

Zoezi

Moja: tafsiri kwa Kiingereza, "Mama yangu alianza kujifunza kompyuta alipokuwa na miaka hamsini," utumie "take up".

Mbili: sahihisha, "He learned me many knowledges."

Tatu: eleza kwa jumla mbili tofauti ya "a lifelong friend" na "a long life".

Nne: tunga jumla yenye "unless" juu ya jambo la nyumbani kwenu.

Majibu yaletwe darsani, nasi tutayasahihisha mbele ya watu wote, na makosa yetu pia tutayataja. Yule kijana tuliyemtaja hapo mwanzo hivi sasa huja kila usiku na kamusi aliyoirudisha kwa mdogo wake, na babu yake hukaa ubavuni mwake. Juzi mzee aliandika jina lake kwa herufi za Kiingereza kwa mara ya kwanza, mkono ukimtetemeka. Kisha akauliza: "Sheikh, na 'unless' huandikwaje?"